Puto limenyamaza: kutafuta kosa kwenye redio, GPS, batri na gesi ukirushia Lubumbashi

Malalamiko ya wanaoanza kurusha puto za anga ya juu na redio huku kwetu yanafanana sana. Mmoja anasema limenyamaza dakika chache baada ya kuachiliwa, mwingine GPS imeganda, mwingine puto limepasuka kabla halijafika hata nusu ya njia, na wengi wanasema tulilisikia vizuri mpaka karibu na mwisho halafu boksi hatukuiona tena. Nimeyapanga hapa kwa dalili, sababu inayotokea sana njo inaanza, na kipimo cha bure kinatangulia kile cha kutoa makuta. Puto likinyamaza, shaka yako ianzie chini kwenye redio unayosikilizia. Mara nyingi traka, kile kifaa cha ndani ya boksi kinachotuma mahali puto lilipo, iko inapiga vizuri kabisa kule juu, ni laptopu ya chini ndiyo imehama frikwensi.

Ninaongelea puto la lateksi la gramu 600 mpaka 1200, boksi ya kilo moja hivi, parashuti, na traka ya APRS (mtindo wa kutuma mahali ulipo kwa paketi fupi za redio) au ya LoRa, RTTY, Horus Binary (mitindo mingine ya kutuma data kwa redio) karibu na 434 MHz. Linapanda kama mita 5 kwa sekunde, kwa saa moja na nusu na kidogo linafika kilomita 30, linapasuka, boksi inarudi na parashuti. Hivi vipuli (viputo) vidogo vya foili vinavyozunguka dunia ni habari nyingine, nimeviwekea maneno machache mwishoni.

Karatasi zako kwanza, maana hilo ni kosa lisilotengenezwa na bisibisi. Kutuma kwenye masafa ya redio ya ridhaa unahitaji leseni na alama ya mwito, za Kongo zinaanza na 9Q, na mawimbi yanasimamiwa na ARPTC. Anga iko chini ya AAC, mamlaka ya usafiri wa anga, na waongoza ndege wa RVA wako pale uwanja wa ndege wa Luano. Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, puto lenye mzigo usiofika kilo 4 kwa jumla linahesabiwa jepesi, ila kamba yake isiwe ile inayohitaji newtoni 230 au zaidi kukatika. Wepesi huo haukuondolei kuomba ruhusa. Kama hujapata jibu la wazi simama hapo, usifungue hata chupa ya gesi.

Taa ya traka inawaka lakini redio haisikii kitu

Angalia frikwensi kabla ya kugusa chochote. Traka nyingi za APRS zinazotoka Marekani zinakuja zimewekwa 144.390 MHz, ambayo ni ya kwao. Sisi tuko Rejeni 1 ya ITU, shirika la mawasiliano la dunia, pamoja na Ulaya, kwetu ni 144.800. Hiyo moja peke yake inaeleza simu nyingi sana za "kifaa kimekufa", na kifaa kizima.

Ya pili, traka iko inangoja GPS. Nyingi hazitumi kabisa mpaka zipate satelaiti, na wewe umeiwasha ndani ya nyumba ya mabati. Itoe nje, iweke mahali inapoona mbingu, uiache dakika kadhaa bila kuizimazima, maana kila ukizima inaanza kutafuta upya.

Ya tatu inachekesha lakini iko kweli: konekta. Kuna SMA na kuna RP-SMA, kwa nje zinafanana, zinafungana vizuri kabisa, lakini antena nyingi za Wi-Fi ni RP-SMA na ukizifunga kwenye SMA katikati pini haikutani na kitu. Fungua utazame kwa macho, upande mmoja lazima uwe na pini na mwingine tundu. Ukiona tundu kwa tundu basi umepata ugonjwa.

Baadaye njo unakuja kwenye urefu wa waya. Robo ya wimbi kwa 144.800 ni kama sentimita 49, kwa 434 ni kama 16 na nusu. Waya wa kusimama uning'inie chini ya boksi na zile waya za ardhi zitandazwe juu yake. Usiizungushie antena kwenye boksi eti ikae vizuri, na usiipitishe kando ya batri.

Simama: usiwashe kitumaji bila antena, kinaweza kuunguza hatua yake ya mwisho. Kama moduli inapata moto hadi kidole hakivumilii, kata umeme, na kama huna vifaa vya kupima RF (nguvu ya mawimbi ya redio) mpelekee fundi wa redio mwenye navyo. Kuendelea kujaribujaribu hapo ni kuua na ile nyingine ya akiba.

Unasikia mlio vizuri, programu haitoi herufi

Hii ndiyo inayokula saa za watu. Mlio uko, unaujua kabisa kwa sikio, kwenye skrini hakuna kitu.

Kwa APRS anza na sauti. Direwolf, programu ya laptopu inayosoma APRS, inakuonyesha kiwango cha sauti kinachoingia, lenga kama 50, ikiwa 150 na zaidi imechanika, ikiwa 5 haisikii. Halafu fungua skwelchi (kitufe cha kunyamazisha redio pasipo na mlio) yote, kwa sababu ikifunguka kwa kuchelewa inakata kichwa cha paketi na paketi ya AX.25, ndiyo muundo wa APRS, ikikosa hata biti moja inatupwa yote, hakuna kusema nusu nimeipata. Zima pia vichujio vya kupendezesha sauti kwenye laptopu, vile vya kuondoa kelele za mikutano vinaona milio ya 1200 na 2200 Hz kama uchafu vinaifuta.

Kwa wanaotumia RTL-SDR (redio ndogo ya kusikilizia inayochomekwa kwenye laptopu), zile za bei nafuu zinaweza kukosea ppm 50, yaani sehemu 50 kwa milioni, na ppm 50 kwenye 434 MHz ni karibu kHz 22, yaani uko unasikiliza uwanja mtupu na puto liko jirani. Iache ipate joto robo saa, halafu weka traka mezani hatua chache kutoka hapo, tazama mstari wake unaangukia wapi, rekebisha. Fanya hivyo kila siku ya kurusha, usitegemee namba ya mwezi uliopita.

Setingi zisizofanana zinakuja baada ya hapo. RTTY lazima mkubaliane kasi (baud) ngapi, shifti (nafasi kati ya milio miwili) ngapi Hz, biti 7 au 8, na redio iwe modi ya USB (upande wa juu, si ile ya kebo), maana ukiwa LSB (upande wa chini) milio inageuzwa kichwa chini miguu juu na huoni kosa kwa macho. LoRa ni kali zaidi: upana wa bendi, kipimo cha kutawanya (spreading factor), kiwango cha kusahihisha makosa (coding rate), kimoja tu kikitofautiana hupati hata takataka, ni kimya tupu. Andika setingi kwa kalamu juu ya boksi kabla ya kuifunga. Mtu aliyeko Likasi au Kipushi anayekusaidia kusikiliza atakushukuru.

Kama inatoa vizuri asubuhi halafu inakufa puto likiwa kilomita 8 au 10, hiyo ni baridi. Kristali ya kawaida ikipoa frikwensi inatembea, na bendi nyembamba ya LoRa haivumilii. Kwa RTTY unafuata kwa mkono, unasogeza kidogokidogo, mtu mmoja awe na kazi hiyo tu. Dawa ya kweli ni traka yenye TCXO (kristali inayojirekebisha joto likibadilika), au kuongeza upana wa bendi ukubali kupoteza umbali kidogo.

Na kelele za nyumbani, hizi huku kwetu zisidharauliwe. Umeme ukikatika kila nyumba inawasha inveta, kidhibiti cha sola, taa za LED za bei rahisi, na vyote hivyo vinanguruma kwenye 144. Kipimo chake hakina gharama: tumia batri peke yake, zima kimoja kimoja, tazama sakafu ya kelele inaposhuka. Kwa siku ya kurusha mimi napendelea kituo cha kusikilizia kiwe nje ya mji kabisa, kwenye batri ya gari, injini imezimwa.

Programu inatoa, ramani haionyeshi kitu

Hapa redio imemaliza kazi yake, tafuta upande wa intaneti. Alama ya mwito bado iko NOCALL, yaani hujaandika ya kwako. Namba ya siri ya kuingilia APRS-IS, mtandao wa intaneti unaokusanya paketi za APRS, haijawekwa. Hotispoti ya simu imeisha megabaiti. Laptopu iliyokaa bila umeme imerudi tarehe ya zamani na data yako inakataliwa kwa kuwa saa haieleweki. Kwa puto watu wanatumia namba -11 nyuma ya alama ya mwito, isipokuwepo kitu bado kinaenda ila wanaokutafuta kwa kichujio cha puto hawakuoni.

Na usikae kungoja aigeti (kituo kinachopokea kwa redio na kupeleka kwenye intaneti) ya mtu mwingine. Tazama ramani kabla ya siku, kama karibu yako hakuna kituo kinachopokea, basi kituo ni wewe. Weka viwili ukiweza, kimoja mahali pa kurushia na kingine upande puto linakokwenda. Wanaotumia LoRa au Horus wanapeleka kwenye SondeHub, tovuti ya ramani ya puto, na pale pale kuna kikokotoo cha kutabiri njia kinachotumia utabiri wa hali ya hewa wa GFS. Kitumie jioni ya kuamkia siku na asubuhi tena, maana upepo wa usiku unabadilisha habari.

GPS: haishiki, inaganda, au inasema urefu wa ajabu

Nianze na isiyo ugonjwa. Traka iko mezani mjini Lubumbashi inasema mita 1,230, watu wanaingiwa na wasiwasi. Mji uko juu hivyo. Goma na Bukavu mko juu zaidi, Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460. GPS yako ni nzima.

Lakini urefu huo unaleta kosa la kimya kimya. Programu nyingi za traka zimeandikwa na watu wa nchi za chini, na ndani yake kuna mstari kama huu: urefu ukishuka chini ya mita 1,000, hesabu kwamba tumetua, washa king'ora, tuma mara nyingi zaidi. Huku kwetu mstari huo haufanyi kazi hata siku moja, kwa sababu ardhi yenyewe iko juu ya 1,000. Boksi inalala kwenye nyasi, inajiona bado iko hewani, king'ora kimenyamaza. Tafuta kila namba ya urefu ndani ya programu ya traka, na ujiulize kama imeandikwa kwa mtu wa pwani. Weka mita 1,500 na ungoje mwendo wa kushuka ufike sifuri, hapo ni salama zaidi.

Kugandia kilomita 12: hiyo ni modi. Moduli za GPS za u-blox kama NEO-6M zinatoka zikiwa kwenye modi ya kubebwa ambayo mwisho wake ni mita 12,000. Kuna modi ya angani, namba 6, inayofika mita 50,000, na traka inatakiwa kuituma kwa amri ya CFG-NAV5. Kosa la pili ndani ya kosa hili ni kutuma mara moja tu wakati wa kuwaka. Umeme ukitetereka GPS inajiwasha upya, inarudi modi ya zamani, na hujui mpaka 12. Itume tena kila baada ya dakika chache, na usome jibu lake.

Kugandia kilomita 18: moduli yako inafuata mpaka wa zamani wa CoCom (kanuni ya kuzuia GPS za kawaida zisitumike kwenye makombora), urefu wa kilomita 18 na kasi ya noti (knots) 1,000. Nyingine zinakata ukivuka kimoja tu kati ya hivyo viwili. Hakuna setingi ya kuiponya, badilisha moduli.

Kugandia karibu kilomita 9 na namba inatoka kwa kipima mgandamizo wa hewa: BMP180 na BMP280 zinaishia hektopaskali 300, na hapo ndipo urefu wake. Si GPS. MS5611 inashuka mpaka 10.

Kupotea hovyo hovyo, inashika inaachia: kamera. Kebo bapa ya kamera ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) na kamera za video zinamwaga kelele pale pale kwenye 1575.42 MHz ambako GPS inasikiliza. Zima kamera, hesabu satelaiti, washa, hesabu tena. Zikishuka kutoka 10 mpaka 4 umeshika mwizi. Iweke GPS juu ya kifuniko, kamera chini kabisa, na kipande cha foili kilichounganishwa na ardhi katikati yao. Antena ya kitumaji nayo isikae bega kwa bega na ya GPS.

Traka inajizima na kujiwasha, au inakufa ikifika baridi

Tazama namba ya paketi. Kama inarudi 1 kila baada ya kutuma, kitumaji kinavuta umeme ghafla, volti inaanguka, kompyuta ndogo inajiwasha upya. Sababu kwa mpangilio: batri dhaifu, waya mwembamba au kishikio cha batri chenye kutu, lehemu baridi (isiyoshika vizuri), mwisho kabisa regyuleta ya volti iliyo ndogo. Pima volti wakati wa kutuma hasa, si wakati imetulia, maana ikitulia kila batri inadanganya.

Huku kwenye tropiki baridi ya juu ni kali kuliko ile wanayoandika wenzetu wa Ulaya. Karibu kilomita 16 au 17 joto linashuka mpaka kama nyuzi 75 au 80 chini ya sifuri, wakati kwao ni 55 au 60. Batri za alkali haziwezi. Tumia lithiamu za AA zisizochajiwa, zile zinazoandikwa kufanya kazi mpaka -40, na ndani ya boksi ya povu joto la vifaa lenyewe linazisaidia. Za kuchaji za 18650 zinawezekana kama zimefungwa vizuri na hazijazeeka, ila uwezo wake unapungua sana zikiganda. Na jihadhari na chapa za kuiga sokoni: uzito ni dalili nzuri, AA ya lithiamu ni nyepesi, gramu 15 hivi, alkali ni kama 23. Ile "lithiamu" ya gramu 23 muulize mwenyewe kwa upole inatoka wapi.

Jaribio la nyumbani: boksi nzima, imefungwa kama ya kurushwa, kwenye friza ya mtu anayeuza samaki, saa mbili, huku unapokea nje. Friza ni -18 tu, haitoshi kuwa baridi ya juu, lakini lehemu mbaya na kristali mbaya zinajitokeza hapo.

Simama: batri ya lithiamu iliyovimba, iliyotobolewa au inayotoa harufu tamutamu usiichaji na usiirushe. Itoe nje mbali na nyumba, kwenye mchanga, na uombe msaada wa mtu anayezijua.

Puto halipandi, linaelea, au linapasuka mapema

Kosa kubwa ni kupima gesi kwa macho. Watu wanatazama picha ya puto la Uingereza wanajaza mpaka lifanane. Kwa urefu wetu hewa ni nyepesi, kwa hiyo puto lenye nguvu ileile linatakiwa lionekane kubwa zaidi. Ukilinganisha kipenyo, umejaza kidogo.

Pima mvuto wa shingo, yaani uzito ambao puto lililojaa linaweza kuuinua kwenye shingo yake. Kwa puto la gramu 1000 na mzigo wa kilo 1, ukihesabu boksi, parashuti na kamba zote, ukitaka mita 5 kwa sekunde shingo ivute karibu kilo 2.2. Chukua bidoni ya plastiki, tia maji mpaka mizani ya muuza unga iseme kilo 2.2 pamoja na bidoni na kamba yake, ifunge kwenye shingo. Mtu mmoja ashikilie bomba la gesi lisiongeze uzito. Jaza taratibu. Bidoni itaanza kucheza, itasimama kwa ukingo mmoja, halafu itaning'inia kimo cha kiganja haitaki kupanda haitaki kushuka. Funga gesi hapo hapo. Fanya alfajiri ya kiangazi, kabla upepo haujaamka, maana puto likivutwa pembeni kipimo chote ni uongo.

Likipanda mita 2 tu kwa sekunde usifurahi kwamba litakaa sana. Linaweza kufika juu likaelea bila kupasuka, likasafiri saa nyingi, na upepo wa huko haujui mpaka. Likipanda 7 au 8 umejaza mno na litapasuka chini ya ulivyotarajia.

Kupasuka mapema wakati gesi ilikuwa sawa: mikono mitupu yenye mafuta, kucha, saa ya mkononi, nyasi kavu, lateksi iliyozeeka au kukaa kwenye jua. Tandika shuka safi, vaa glavu za pamba au za nitrili, tazama shingo kama haina nyufa. Puto likiwa limekauka na kuwa gumu usilivute, liache mahali pa joto la kawaida kwanza.

Boksi ikianguka kwa kasi ingawa parashuti ipo, mabaki ya puto yamejizungushia kamba. Refusha kamba kati ya puto na parashuti, weka kizungushio, na parashuti iwe imenyooka kwenye mstari tangu mwanzo, isikunjwe mfukoni.

Simama: chupa ya gesi inayopiga mluzi kwenye vali, geji iliyovunjika, au regyuleta isiyoingia sawa, usiikaze kwa nguvu wala kuipaka mafuta, irudishe kwa aliyeiuza. Heliamu usiivute kwa kuchekesha watoto, inakosesha hewa. Na kama bei imekusukuma kwenye haidrojeni, ujue inawaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, cheche ya nguo ya nailoni inatosha. Hiyo ni kazi ya fundi wa gesi aliyefundishwa, si ya kujifunzia uwanjani na wanafunzi wamekuzunguka.

Mlio unafifia likiwa juu ya kichwa, au unakatika likishuka

Antena ya kusimama haitoi nguvu upande wa ncha zake. Puto likiwa wima juu yako, yenu mbili zimeelekezana kwa ncha, mlio unaanguka. Laza ya kwako, subiri. Kupanda na kushuka kwa sauti kila sekunde kadhaa ni boksi inazunguka, haina tiba ya lazima.

Kukatika likishuka ni upeo wa macho ya redio. Kutoka kilomita 30 linasikika mpaka kama kilomita 700, kutoka mita 100 juu ya ardhi haizidi 40 hata kama nchi ni tambarare, na likiwa chini kwenye miti ya miombo na miliwati 10 zake hesabu kilomita moja au mbili. Kwa hiyo paketi ya mwisho si mahali lilipotua.

Sasa hesabu, na hapa watu wanateleza. Paketi ya mwisho inasema mita 2,500. Toa ardhi, 1,200, zimebaki 1,300. Kwa mita 5 kwa sekunde ni dakika 4 na kidogo. Upepo wa chini ukiwa mita 8 kwa sekunde, boksi imesogea kilomita 2 kuelekea upepo unakokwenda. Asiyetoa ardhi anatafuta kilomita 4 mbele na anarudi nyumbani analaumu traka. Kiangazi upepo wa chini mara nyingi unatoka mashariki na kusini-mashariki, lakini tumia mwelekeo wa paketi zako tano za mwisho, hizo hazibahatishi.

Umefika mahali, hakuna sauti, hakuna boksi

Panda juu. Vichuguu vya Katanga vinafika mita 5 na zaidi, na mtu aliyesimama juu ya kichuguu na antena ya Yagi (ile ya vijiti vingi inayosikia zaidi upande mmoja) anasikia kile ambacho aliye chini hasikii. Zungusha Yagi polepole, ilaze halafu isimamishe, boksi imelala kwa namna yoyote. Ukipata mlio na ni mkali kila upande, toa antena usikilize na redio tupu, mwili wako uwe kizuizi, geuka.

Kama hakuna mlio, uliza watu kabla ya kuingia porini. Pita kwa chefu wa kijiji, "Yambo baba, tunaomba msaada," eleza ni kitu cha kupima hali ya hewa, onyesha picha yake kwenye simu. Mara nyingi boksi iko tayari nyumbani kwa mtu, imefunikwa, inaogopwa. Ndiyo sababu nje ya boksi uandike kwa Kiswahili, Kifaransa na Kibemba: *Hiki ni chombo cha kupima hewa. Hakina hatari, hakina kitu cha thamani. Ukikiokota tupigie.* Na namba mbili za mitandao tofauti. Waya zinazoning'inia na taa nyekundu zinazopepesa zinatisha watu bure, zifiche.

Simama kabisa:

- Boksi au kamba iko kwenye laini ya umeme. Ile ya kutoka Inga mpaka Kolwezi ni kilovolti 500, hata mti mkavu hauruhusiwi kuisogelea. Usirushe jiwe, usipande, mwite mwenye laini.
- Imeangukia ndani ya konsesio ya mgodi au kambi. Nenda getini na karatasi zako, usipite uzio.
- Imevuka kwenda Zambia. Kasumbalesa iko karibu, na buti ya Sakania, ile ncha ya Kongo inayoingia ndani ya Zambia, inachanganya ramani, unaweza kudhani uko upande huu kumbe sivyo. Wasiliana na wenye mamlaka wa pande zote, usiifuate kwa njia za porini.

Vipuli vidogo vya WSPR

Hivi vinaelea karibu kilomita 12 na kutuma kwa WSPR, mtindo wa ujumbe mfupi wa nguvu ndogo sana, redio ya kusikilizia ikiwekwa 14.0956 MHz USB. Kunyamaza usiku si ugonjwa, vinaishi kwa sola, subiri jua lipande vizuri huko viliko. Mchana mzima kimya: saa ya GPS, kwa sababu WSPR inaanza kwenye dakika shufwa tu, ikikosea sekunde chache hakuna anayeipokea. Kabla ya kuachia hakikisha ramani inasema KH38, huo ndio mraba wa Lubumbashi kwenye ramani ya wanaredio. Ikisema mraba mwingine wa mbali kabisa, GPS bado haijashika na kipuli hakijawa tayari kuondoka.

Boksi ya lateksi ikirudi mkononi usikimbilie kuizima. Pima kwanza volti ya batri ikiwa bado inatuma, nakili kumbukumbu ya kadi, piga picha ya vifundo vyote vya kamba jinsi vilivyo, halafu ndipo uchomoe.